Bi harusi, obo, na filamu niliyokuwa sijaiona

Jumamosi ile kanisa lilijaa mpaka nje. Feni zilizunguka bila kupunguza joto, nami nimekaa kwenye kinanda nikimtazama katekista mlangoni, nasubiri ainue mkono. Akainua. Nikachagua sauti ya obo, chombo cha Kizungu cha kupuliza, nikaanza.

Bi harusi akaingia.

Wimbo wenyewe, "Gabriel's Oboe" kutoka filamu ya *The Mission*, mnaujua hata kama jina lake hamlijui. Noti ya kwanza inakaa pale kidogo kana kwamba imesahau ilichokuja kusema, halafu inajizungusha, inapanda, inashuka kwa adabu. Shela haijafika benchi la tatu, shangazi mmoja alikuwa ameshatoa leso. Hakuna aliyepiga kigelegele, na kwa harusi zetu huo ni muujiza mdogo.

Baada ya misa, nikiwa nakunja nyaya, Mwalimu akanijia. Huyu ndiye aliyenifundisha noti nikiwa na miaka 12. Kwaya alishastaafu, kusikiliza bado.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umepiga vizuri." Akatulia. "Filamu yake umeiona?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi iangalie."

Akashika fimbo yake akaenda kwenye pilau. Mimi nikabaki na lile neno, na wiki ya sita sasa linanisumbua.

Nilikuwa na filamu yangu

Niseme ukweli: muziki wa *The Mission* niliusikiliza miaka mingi bila haja ya kuiona filamu. Niliufikia kwa mlango wa nyuma, kupitia "Nella Fantasia", ule wimbo wa Kiitaliano ambao Sarah Brightman aliutoa mwaka 1998 baada ya kumwomba mtunzi, Ennio Morricone, mara kadhaa amruhusu kutia maneno kwenye muziki wake. Kutoka hapo nikaipata albamu yenyewe ya mwaka 1986. Nikawa nayo kwenye simu, naisikiliza kwenye daladala la Mbagala nimebanwa kati ya dirisha na ndoo ya mtu.

Filamu nilijua ipo, kama unavyojua jirani yako ana kaka Mwanza. Mapadri, msitu, maporomoko ya maji. Basi.

Badala yake nilikuwa na picha zangu. Mimi ni mtoto wa Tanga. Obo ile ilipoanza, niliona alfajiri, maji yamekupwa, ngalawa zimelala ubavu. Na sikuwa nimechagua picha hizo mwenyewe. Miaka ilipita kabla sijajua zilikotoka: obo ni ndugu wa nzumari. Zote mbili hupigwa kwa vile vipande viwili vyembamba vinavyotetemeka mdomoni. Ile ya Ulaya hutumia tete lililochongwa, yetu hutumia ukuti. Utotoni nilisikia nzumari kwenye harusi za majirani, mzee amefura mashavu, anavuta hewa kwa pua huku sauti haikatiki, akina mama wanazunguka na ngoma. Nzumari ni kali, inakwaruza, inaita mtaa mzima. Obo ni nzumari iliyopelekwa shule ya bweni.

Kwa hiyo niliposikia obo ya Morricone nilisikia harusi, na niliipeleka kwenye harusi bila kufikiri mara mbili. Ilikuwa kwao.

Kasuku

Niliiangalia filamu usiku, peke yangu, kwenye kompyuta.

Wengi mmeiona, sitaisimulia yote. Roland Joffé aliipiga kuhusu misheni za Wajesuiti, shirika la mapadri Wakatoliki, kwa Waguarani, wenyeji wa Amerika ya Kusini, katikati ya karne ya 18. Mkataba wa Madrid wa mwaka 1750 uliwagawia Wareno ardhi ya misheni saba zilizokuwa chini ya Hispania, na wenye misheni wakaambiwa wahame. Hawakuhama. Historia yenyewe ni mbaya kuliko filamu: mwaka 1756, katika vita vya Caiboaté, Waguarani wapatao 1,500 waliuawa kwa siku moja.

Obo inaingia mapema. Padri Gabrieli, anayeigizwa na Jeremy Irons, amepanda maporomoko ya Iguazu kwa mikono, ameketi juu ya jiwe, anapiga. Watu wanatoka msituni na pinde zao. Mmoja anaichukua obo na kuivunja. Mwingine anamshika padri mkono.

Nilipoona hivyo nilitabasamu. Nikajiambia Mwalimu ananitishia bure.

Halafu ikaja ile sehemu ya mtoto. Kardinali ametumwa kuamua hatima ya misheni, wakubwa wa kikoloni wamekaa pale, na mapadri wanamleta mtoto wa Kiguarani aimbe. Anaimba vizuri mno. Ndio ushahidi wao: sikilizeni, hawa ni watu, wana roho. Na yule bwana wa Kihispania anajibu kwamba hata kasuku hufundishwa kuimba.

Nilisimamisha filamu.

Nimeishi kwenye kwaya tangu darasa la sita. Nimeimbia maaskofu, wageni, wafadhili wa visima. Nimesimama mstari wa mbele na shati jeupe, wageni wanatikisa vichwa, "ajabu, ajabu", na haikuwahi kunipitia akilini kujiuliza wanachoshangaa ni nini hasa.

Nikaendelea. Mwisho mnaujua. Padri Gabrieli amebeba Sakramenti Kuu, nyuma yake wanawake na watoto wanatembea wakiimba, askari wanafyatua. Wanaanguka, waliobaki wanaendelea kutembea. Baadaye watoto wachache wanarudi kwenye magofu kwa mtumbwi, binti mmoja anaokota fidla kutoka majini, wanaondoka.

Kabla sijafuta uso, programu ilishapunguza picha ikaipeleka kona ya juu na kunipendekezea vichekesho.

Wiki mbili za ukimya

Baada ya hapo sikuweza kuusikiliza.

Nilijaribu. Nikiweka hedifoni, ngalawa za Tanga hazikuja. Alikuja yule mtoto mbele ya kardinali. Zilikuja zile nguo nyeupe na moshi wa bunduki. Nikamkumbuka bi harusi wangu akitembea taratibu kwenye zulia jekundu, nikahisi kama mtu aliyepamba ukumbi kwa maua aliyoyatoa makaburini.

Nilianza kujitetea. Muziki ni hewa tu, nikasema, haujui umewekwa chini ya picha gani. Sauti zile zile zingewekwa kwenye filamu ya mapishi, tungesikia njaa. Ni hoja nzuri, na nilikaa nayo siku tatu, mpaka niliposoma Morricone mwenyewe alivyoeleza alivyoutunga.

Kwanza, alikataa kazi. Walimwonyesha filamu ikiwa haina muziki, akalia, akasema hapana, haihitaji kitu, nitaiharibu. Mtunzi mwenyewe aliona filamu ile imekamilika bila yeye! Baadaye akakubali.

Pili, na hapa ndipo hoja yangu ilipokufa, wimbo ule wa obo hakuutunga kwa uhuru. Chombo kilishachaguliwa na hadithi. Wakati ulishachaguliwa pia, mwaka 1750, kwa hiyo alitumia madoido ya muziki wa enzi hiyo, vile visokoto na vizungusho vya noti. Na vidole. Irons alishapigwa picha akichezesha vidole juu ya obo, na mtunzi alilazimika kuvifuata.

Fikiria hapo kidogo.

Yale madoido niliyojifunza kwa mwezi mzima, nikiyarudia mpaka mke wangu akaniomba nihamie jikoni, yamefuata vidole vya mwigizaji ambaye hakuwa anapiga chochote. Nikiweka mkono kwenye kinanda, filamu imo ndani ya mkono. Unaweza kuifunga kompyuta, lakini filamu haitatoka kwenye wimbo. Imekuwa sehemu ya mifupa yake.

Basi ule usemi wangu wa "muziki peke yake" ulikuwa uongo tangu mwanzo. Sikuwahi kuusikia peke yake. Niliusikia bila kujua nasikia nini.

Albamu imepinduliwa

Sijui ni nani alipanga albamu ile, lakini ningependa kumpa mkono.

Niliirudia albamu wiki ya tatu, safari hii nimeketi na daftari kama mwanafunzi. Nyimbo 20. Ya kwanza inaitwa, kwa Kiswahili chetu cha sala, "Duniani kama mbinguni". Hapo Morricone anachukua vitu vitatu. Obo ya padri. Kwaya inayoimba Kilatini kwa mtindo wa kanisa la kale. Na kwaya nyingine, ya wenyeji, yenye mapigo mafupi ya ngoma, inayokatakata maneno kama watu wanaotwanga. Anaziingiza mbili mbili, halafu zote tatu kwa pamoja, na hakuna inayomwomba mwenzake apunguze sauti.

Kwa mpiga kinanda ni kazi ya kutisha. Kila moja ina mwendo wake. Ziweke pamoja bila uangalifu, utapata Kariakoo saa kumi na moja jioni. Yeye amezipanga zikapata nafasi, obo ikielea juu, Kilatini kikishika katikati, ngoma ikisukuma kutoka chini.

Nikatafuta pahali pake ndani ya filamu. Sikupaona. Niliirudia filamu kwa kurukaruka. Padri na obo yake, nimeona. Kwaya za misheni, nimesikia. Zote tatu kwa pamoja zilikuwa wapi?

Mwishoni kabisa. Kwenye majina.

Pale pale programu ilipoiminya picha kwenye kona ili nikaangalie vichekesho.

Yaani katika hadithi, sauti hizo tatu hazipatani hata siku moja, wanaozibeba wanauawa. Zinapatana baada ya hadithi kwisha, wakati watu wa sinema wanatafuta viatu vyao chini ya viti. Lakini anayeanza na albamu anaanzia hapo. Anaanzia mbinguni. Na wimbo wa 20, wa mwisho, ni "Miserere", sauti changa inayoomba rehema kwa Kilatini, na baada yake hakuna kitu. Mtazamaji anaanza na padri aliyefungwa msalabani akitupwa kwenye maporomoko na kumaliza na utukufu. Msikilizaji anaanza na utukufu na kumaliza na "unirehemu".

Mimi nilikuwa msikilizaji kwa miaka, na sikuwahi kufika wimbo wa 20. Nilikuwa nashuka kwenye daladala.

(Tukiwa hapa: mwaka 1987 Oscar ya muziki haikumwendea Morricone, ilimwendea mpiga piano wa jazi Herbie Hancock kwa *Round Midnight*. Mzee alibaki na kinyongo kwa muda mrefu, na mimi, ninayempenda Hancock, namwelewa. Morricone walimpa ya heshima mwaka 2007, na ya ushindani mwaka 2016, akiwa na miaka 87.)

Watoto wa Barnet

Jambo jingine lililonisumbua, nalo ni dogo. Nikisoma majina ya waliorekodi, nikakuta Orkestra ya London Philharmonic, nikakuta na kwaya ya watoto wa shule za Barnet, kaskazini mwa London. Ile "Ave Maria" ya Kiguarani inayochubuka kidogo kwenye noti za juu, iliyonifanya niseme hawa watoto wa msituni wana kitu, waliiimba watoto wa London.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Nikaenda kutafuta muziki wa misheni zenyewe, kwa sababu upo. Miaka ya 1970 huko Chiquitos, Bolivia, kwenye makanisa yaliyojengwa na Wajesuiti hao hao, zilipatikana kurasa zaidi ya 5,000 za noti, wenyeji wakiwa wamezihifadhi tangu Wajesuiti walipofukuzwa mwaka 1767. Humo mna kazi za Domenico Zipoli, mpiga kinanda wa Kiitaliano aliyeacha nafasi yake Roma akavuka bahari.

Nilitegemea kulia. Sikulia. Ni muziki mchangamfu, wa fidla zinazokimbizana, wa watu wenye mazoezi Alhamisi na misa Jumapili. Mahali fulani besi zinachelewa, nikamtambua jamaa yangu wa besi. Hakuna anayejua kwamba atauawa. Huzuni yote ya Morricone ni ya mtu anayeujua mwisho.

Safari ya kwenda upande wa pili

Wenzetu wa Katanga, kule Kongo, yamewapata kinyume chake. Pale Kamina, padri Mbelgiji Guido Haazen alikuwa na kwaya ya wavulana, na mwaka 1958 *Missa Luba* yao ikarekodiwa: Kilatini cha misa juu ya nyimbo za kwao. "Sanctus" yake inatokana na wimbo wa Kiluba wa kuagana. Miaka kumi baadaye "Sanctus" hiyo ikaingia kwenye filamu ya Kiingereza, *If....*, kuhusu shule ya bweni ambayo wavulana wake wanaishia kuwapiga watu risasi kutoka juu ya paa. Kijana mle ndani anaisikiliza kwenye sahani ya santuri, anairudia tena na tena.

Kwa vijana wa Uingereza wa mwaka 1968 "Mtakatifu" wa Kamina ukawa sauti ya uasi. Waliokuwa wakiimba walikuwa wanaimba misa, kwa wimbo wa kuagana.

Nilitaka kukasirika kwa niaba yao. Nikakumbuka zulia jekundu.

Kwenye baraza la Mwalimu

Nikaenda kwake. Alikuwa barazani, redio inakoroma.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeiangalia."

"Nimeiangalia, Mwalimu. Sitaipiga tena harusini."

Akanitazama kama anavyomtazama mwimbaji wa sauti ya tenor aliyeingia mapema. "Mimi nilikwambia usipige?"

Kweli hakusema.

"Ulifika kwa kasuku?"

"Nilifika."

"Mm." Akazima redio. Akaniambia kwamba yeye akiwa mtoto, kabla ya Mtaguso, ule wa Vatikani wa miaka ya 1960, ngoma haikuingia kanisani. Waliopita nayo waliiegemeza kwenye mwembe, wakaingia kuimba Kilatini. Waliimba vizuri. Padri akija na wageni, watoto wa kwaya walitolewa darasani wakaimbe. "Tulipewa biskuti," akasema. Mwaka ngoma ilipoingizwa ndani kwa mara ya kwanza, mama yake alikataa kushangilia. Alisema si heshima. Ilimchukua muda.

"Sasa ule wimbo wa kwanza," nikasema, "ule wenye ngoma na Kilatini na obo pamoja…"

"Nausikiliza kila Jumapili kabla ya misa."

Sikuwa nimetegemea hilo.

"Na hadithi yake?"

"Naijua," akasema. Kisha akaniuliza kama bado nabonyeza noti ya pili kwa kidole cha nne, maana alisikia pale harusini, na cha nne ni kivivu.

Ujumbe wa sauti

Jumanne iliyopita nimepata ujumbe wa sauti kutoka kwa binti wa parokia ya jirani. Anaolewa mwezi ujao, na anataka "ile ya obo".

Nilimpigia. Nilikuwa nimejiandaa, nina hotuba nzima kichwani, kuanzia Madrid hadi Caiboaté.

"Dada, wimbo huo una filamu yake, sijui kama…"

"Nimeiona, kaka," akasema. "Nimeiona mara mbili. Ndiyo maana naitaka hiyo."

Sikuwa na hotuba ya hapo.

Tukaongea mambo ya kazi. Kanisa lao ni refu, lina benchi nyingi kuliko letu, na yeye anataka kutembea polepole kwa sababu baba yake anatembelea magongo. Wimbo una dakika mbili na ushee. Hawatakuwa wamefika hata nusu ya njia. Kwa hiyo itabidi niurudie, na tatizo ni mahali pa kuungia: noti ya mwisho inataka kulala, na ile ya kwanza inataka kukaa, na ukiziunganisha hovyo kila mtu kanisani atasikia mshono.

Nimeshajaribu njia nne. Kidole cha nne nimekiacha.